Kuku Amejikunyata Pembeni: Namna ya Kumkagua, Kumtenga na Kumhudumia

Kuku huwindwa na mwewe, kicheche, paka na mbwa, na ndege anayewindwa haonyeshi unyonge hadharani. Anaweza kuumwa siku mbili tatu huku akitembea na wenzake na kudonoadonoa kana kwamba anakula. Siku unapomkuta amejikunyata pembeni, manyoya yamesimama na macho yamefumba nusu, ugonjwa umeshakaa mwilini. Ndiyo maana wafugaji wengi husema kuku wao alikufa ghafla. Mara nyingi dalili zilikuwepo, ila zilikuwa ndogo, na zilijitokeza saa ambazo hakuna mtu bandani.

Mwongozo huu ni wa mwenye kuku kumi, ishirini, hata hamsini nyuma ya nyumba, wa kienyeji au chotara, ambaye daktari wa mifugo hayuko mlango wa pili. Tumeuandika kwa kuzingatia mazingira ya Tanzania na majirani zake.

Mjue kwanza kuku mzima

Huwezi kutambua ugonjwa kama hujui kuku wako anavyokuwa akiwa mzima. Kuku mzima ana jicho kavu linalong'aa, puani hamna kamasi, upanga wake, ile nyama ya juu ya kichwa, ni mwekundu na umejaa damu, na mkia wake umeinuka. Akimwagiwa chakula anakimbilia. Kupumua kwake hakuonekani wala hakusikiki akiwa kivulini. Joto la mwili wake ni nyuzi 40 hadi 42, kwa hiyo usishtuke ukimshika ukahisi anaungua. Hiyo ndiyo hali yake.

Kinyesi kinasema mengi kuliko sauti. Cha kawaida ni kigumu kiasi, rangi ya kahawia au kijivu, na juu yake kuna utando mweupe. Ule weupe ni mkojo, maana mkojo wa kuku hautoki peke yake. Kila baada ya vinyesi nane au kumi hivi hutoka kimoja kilaini, cha kunata, rangi ya kahawia iliyokoza, chenye harufu kali. Hicho nacho ni cha kawaida, na kimewafanya wengi wanunue dawa ya kuhara bila sababu. Cha kukutia wasiwasi ni kijani kibichi cha majimaji, cheupe kama chokaa kinachogandia manyoya ya nyuma, cha njano inayokaribia kijani, au chenye damu.

Kuna hali mbili zinazofanana na ugonjwa. Ya kwanza ni kuku anayetaka kuatamia: anakaa kiotani kutwa, hatagi, anavimbisha manyoya na kulia ukimsogelea. Ya pili ni kunyonyoka manyoya kwa mwaka, ambapo hupunguza au huacha kutaga wiki kadhaa na manyoya mapya huchomoza kama vijiti. Wote wawili macho yao ni makali. Wape chakula chenye protini, kama dagaa waliosagwa au mashudu ya alizeti, basi.

Nyakati tatu za kuangalia

Asubuhi, kabla ya kufungua mlango, chungulia. Nani amebaki chini wakati wenzake wako kwenye kichanja? Mlango ukifunguliwa, nani anatoka mwisho? Tazama kinyesi chini ya kichanja, kwa sababu kila kuku hulala mahali pake na kinyesi cha usiku kinakuonyesha ni cha nani.

Jioni, wanaporudi, washike wawili watatu na upapase gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo upande wa kulia wa kifua. Kuku aliyeshinda akila huwa na gole lililojaa kama mpira mdogo. Lililo tupu jioni maana yake hakula. Lililojaa bado asubuhi kabla hajala maana yake chakula hakishuki.

Wakati wa tatu wengi hawaujui, na ndio wenye faida kubwa: saa mbili au saa tatu usiku, taa zikiwa zimezimwa na kuku wametulia. Nenda taratibu bila tochi, simama mlangoni dakika mbili, sikiliza. Kukoroma, kupiga chafya, mlio wa kamasi kooni, vyote hivyo mchana hufunikwa na kelele. Usiku vinasikika wazi, siku mbili au zaidi kabla hujaona uso uliovimba.

Hatua za kufuata ukimwona mmoja hayuko sawa

1. Mtenge saa hiyohiyo, kabla ya kujua anaumwa nini. Boksi la katoni, tenga au kona ya stoo vinatosha, mradi pasiwe na upepo wala jua kali, na pawe mbali na banda. Mpe maji na chakula chake. Kuanzia hapo mhudumie yeye mwisho, baada ya wazima, na unawe kwa sabuni. Viatu ulivyovaa kwake usiingie navyo bandani.

2. Mshike umkague kuanzia kichwani hadi miguuni. Macho: yana povu, yamevimba, yamegandana? Pua: bonyeza kidogo juu ya tundu uone kama kamasi inatoka, kisha inuse. Fungua mdomo: kuna utando wa njano au vidonda? Upanga: umepauka, umekuwa wa zambarau, una vipele? Papasa gole. Shika mfupa wa kidari: ukiwa mkali kama mgongo wa kisu, kuku huyu amekonda kwa wiki nyingi na tatizo si la jana. Inua bawa, pekua manyoya. Pekua kuzunguka tundu la nyuma. Geuza nyayo. Kazi yote haizidi dakika tano.

3. Hesabu wenzake. Mmoja tu, kuku mkubwa, wengine wazima: fikiria yai kukwama, gole, jeraha, minyoo. Watatu au zaidi ndani ya siku mbili: huo huenda unaambukiza.

4. Jiulize nini kimebadilika katika wiki mbili zilizopita. Kuku mpya kutoka mnadani? Zawadi ya jogoo kutoka kijijini? Chakula kipya, chenye harufu ya ukungu? Mvua imeingia bandani? Jirani amefiwa na kuku? Jibu la swali hili mara nyingi ndilo linalotaja ugonjwa.

5. Mnyweshe. Kuku mgonjwa hufa kwa kukauka maji kabla hata ya ugonjwa kummaliza. Changanya lita moja ya maji safi, kijiko kikubwa kimoja cha sukari au glukosi na robo kijiko cha chai cha chumvi. Usiongeze chumvi, maana kuku, hasa vifaranga, hudhurika nayo upesi. Chovya ncha ya mdomo anywe mwenyewe. Ukilazimika kutumia bomba la sindano lisilo na sindano, dondosha matone pembeni mwa mdomo na umngoje ameze. Ukimmiminia katikati ya ulimi, maji huingia kwenye njia ya hewa na unamuua kwa mkono wako. Mchanganyiko huu ni wa siku moja, kisha rudi kwenye maji matupu.

Mdondo: usiotibika

Ugonjwa unaomaliza kuku wa kienyeji kuliko mwingine wowote ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Wataalamu huuita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka 1926. Ukiingia kwenye kundi lisilochanjwa unaweza kuondoka na kuku tisa katika kumi, au wote. Unaletwa na virusi, kwa hiyo hakuna kidonge, sindano wala mti unaoutibu. Hili tunalisema kwa uzito, kwa sababu kila mwaka watu hutumia fedha za chanjo ya mwaka mzima kununua antibiotiki za kuku wanaokufa kwa mdondo. Shubiri, pilipili na mwarobaini kwenye maji havizuii kifo hicho. Wanaobaki hai ni wale ambao wangebaki hai hata bila dawa.

Dalili hutokea ndani ya siku 2 hadi 15 tangu kuambukizwa. Kuku wanahema midomo wazi huku wamenyoosha shingo. Wanaharisha kijani. Mayai yanapungua ghafla, na yanayotagwa yana maganda laini au yamepinda. Baada ya siku chache baadhi hupooza bawa au mguu, na wengine shingo hupinda hadi kichwa kikaangalia nyuma au juu. Ukiona shingo iliyopinda, kuharisha kijani na vifo vinavyoongezeka kila siku katika kundi lisilochanjwa, fanya kama ni mdondo hadi mtaalamu akuambie vinginevyo.

Hapo usiuze kuku, usimpe mtu zawadi, usipeleke nyama wala manyoya kwa jirani. Kosa hili ndilo linalotembeza mdondo kijiji kizima: mtu akiona wanakufa anawahi mnadani na waliobaki. Fungia walio hai ndani. Mwite afisa mifugo wa kata. Na usianze kuchanja kundi ambalo tayari lina wagonjwa, kwani waliokwisha kuambukizwa chanjo haiwaokoi, na mkono wako unaotoka kwa mgonjwa kwenda kwa mzima unausambaza.

Dawa ya mdondo ni tone moja la chanjo kabla haujafika. Kwa mfugaji mdogo, chanjo inayofaa zaidi ni ile ya I-2, inayostahimili joto. Nchini Tanzania hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) huko Kibaha. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuisafirisha siku hiyo ikiwa imefungwa kwenye kitambaa kibichi ndani ya kikapu, mbali na jua. Chanjo nyingine, kama LaSota, zinataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 njia nzima. Ukiinunua dukani ikiwa imekaa juu ya kaunta, umenunua maji.

Namna ya kuchanja kwa tone la jicho:

Kwanza wafungie kuku wote usiku uliotangulia, ili asubuhi usikimbizane nao. Soma lebo, uchanganye chanjo kwa kiasi cha maji kilichoandikwa hapo, kwa kuwa kipimo hutegemea kidondoshi kilichokuja nayo. Kama huna maji yake maalumu, tumia maji yaliyochemshwa na kupoa. Maji ya bomba yenye klorini huua chanjo. Msaidizi amshike kuku kwa ubavu, jicho moja likiangalia juu. Shika chupa wima kabisa, kwa sababu ukiilaza matone hutoka makubwa madogo. Dondosha tone moja bila kugusa jicho. Sasa subiri. Utaliona tone limekaa juu ya jicho kama kioo kidogo, kisha kuku anapepesa na linatoweka. Hapo ndipo umemchanja. Ukimwachia kabla hajapepesa atatikisa kichwa na tone litaruka.

Kifaranga na jogoo hupewa tone sawa, moja. Chanja wote siku moja, urudie kila baada ya miezi mitatu. Chanjo iliyochanganywa iishe siku hiyohiyo. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka, kwa hiyo kuchanja asubuhi na kuleta kuku wa mnadani jioni ni hatari. Mkikubaliana mtaa mzima kuchanja siku moja mtafaidi zaidi, kwa kuwa kuku wa jirani hajui mpaka wa uzio.

Kifaranga anayeharisha damu

Koksidia huwakamata zaidi vifaranga wa wiki tatu hadi nane. Wanazubaa, mabawa yanalegea, wanasongamana kama wanaosikia baridi hata mchana, na kinyesi kina damu au rangi ya matofali. Vimelea vyake hutoka kwenye kinyesi vikiwa havijakomaa. Vinahitaji unyevu na joto kwa siku moja hadi mbili ndipo viweze kuambukiza. Hapo ndipo pa kuukata ugonjwa: matandazo yaliyolowa karibu na chombo cha maji yaondolewe kila siku kabla hayajafikisha umri huo. Weka chombo cha maji juu ya matofali mawili au wavu, kiwe usawa wa mgongo wa kifaranga, asiweze kuingia na miguu. Dawa za kawaida za kuua vijidudu haziui vimelea hivi. Kinachoviweza ni ukavu, jua na maji yanayochemka.

Dawa ya kwanza ni amprolium. Ukipata unga wa asilimia 20, kwa ugonjwa ulioshika weka gramu 1.2 kwa kila lita ya maji ya kunywa kwa siku 3 hadi 5, kisha punguza hadi gramu 0.3 kwa lita kwa wiki moja. Lebo ikisema tofauti, fuata lebo, kwa sababu nguvu za unga hazifanani. Gramu moja haipimiki kwa kijiko. Vifaranga 20 wa wiki nne hunywa chini ya lita 2 kwa siku, basi pima gramu 6 kwenye mizani ya jikoni, yeyusha katika nusu lita, chukua mililita 200 za mchanganyiko huo na uongeze maji yafike lita 2. Uliobaki utumie kesho yake. Ondoa maji mengine yote. Akinywa ya kwenye ndoo, dawa haijafika.

Na hapa kuna kosa linalofanywa hata na wenye maduka: kuuza amprolium pamoja na pakiti ya vitamini vyenye kundi B, vichanganywe chombo kimoja. Amprolium hufanya kazi kwa kuwanyima vimelea vitamini B1. Ukiwapa vifaranga vitamini B1 wakati huohuo, umewalisha vimelea vilevile unavyotaka kuviua. Vitamini vije baada ya dozi kuisha.

Usichanganye koksidia na gumboro. Gumboro huwapata wa wiki tatu hadi sita, lakini kuhara kwake ni kweupe na majimaji, wanadonoa matundu yao ya nyuma, wanatetemeka, na vifo huja kwa wingi siku tatu nne kisha hupungua vyenyewe. Ni virusi pia, kinga yake ni chanjo ya kwenye maji, kwa kawaida siku ya 14 na kurudiwa siku ya 28. Wanyime maji saa moja hadi mbili kwanza, tia maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2 hadi 2.5 kwa lita ili kuzima klorini, na hakikisha yanaisha ndani ya saa mbili.

Uso uliovimba, vipele na upanga uliopauka

Mafua ya kuku huvimbisha uso chini ya jicho, pua hutoa kamasi yenye harufu mbaya, na jicho hugandana. Ile harufu ndiyo alama yake. Haya ni ya bakteria na hutibika kwa antibiotiki kama oxytetracycline au tylosin, kwa kipimo cha mtaalamu. Osha macho kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo mara mbili kwa siku. Lakini kuku aliyepona hubaki na vijidudu na kuwaambukiza wapya, kwa hiyo usimchanganye na kundi jipya, na banda lipate hewa. Ukiinama usawa wa kuku na macho yakakuwasha kwa harufu ya mkojo, wao wamelala humo usiku kucha.

Ndui huja zaidi wakati wa mbu, maana wao ndio wabebaji wakubwa. Vipele hugeuka magamba meusi kwenye upanga, ndevu na kando ya macho. Usiyabandue, kwani damu inayotoka ina virusi na kidonda hupata usaha. Pakaa iodini au jivii, mlishe kwa mkono kama jicho limeziba, na wengi watapona kwa wiki tatu hadi nne. Hatari ni ndui ya mdomoni, utando wa njano unaoziba koo. Chanjo huchomwa kwenye ngozi ya bawa kwa sindano yenye meno mawili, wiki ya 6 hadi ya 8. Baada ya siku 7 hadi 10 angalia palipochomwa. Pakiwa na kiuvimbe chenye gaga, imeshika. Pasipo na alama, rudia.

Upanga uliopauka, kuhara njano inayokaribia kijani, kuku wakubwa kufa mmoja mmoja kwa wiki kadhaa: hiyo huenda ni homa ya matumbo. Mayai ya kuku waliougua usiyaatamishe, kwa sababu ugonjwa hupita hadi kwa kifaranga. Hapa maabara inahitajika. TVLA ina makao Temeke na vituo vya kanda, pamoja na Arusha, Mwanza, Iringa, Tabora na Mtwara. Peleka kuku aliyekufa muda mfupi, ndani ya mifuko miwili ya nailoni, ndani ya ndoo yenye barafu. Asigandishwe.

Wakifa wengi ndani ya siku moja au mbili, nyuso na ndevu zikiwa zimevimba na kuwa za bluu, usimpasue hata mmoja na usimnyonyoe. Mafua ya ndege yalithibitishwa Uganda Januari 2017, na hayo humpata binadamu. Funika pua na mdomo, funga mlango wa banda, piga simu kwa afisa mifugo.

Wanaonyonya damu

Viroboto vya kuku hujishikiza kwenye upanga na kuzunguka macho, vinaonekana kama punje nyeusi za mtama zilizobandikwa. Kifaranga mwenye viroboto vingi hufa kwa upungufu wa damu. Pakaa mafuta ya mgando juu yao, yakikaa mbali na mboni ya jicho, nao hukosa hewa. Ila hiyo ni nusu ya kazi. Mabuu yako kwenye vumbi la sakafu: ondoa matandazo yote uyachome, fagia hadi nyufani, nyunyiza chokaa.

Utitiri mwekundu hula usiku na hujificha mchana kwenye nyufa za kichanja. Ukimkagua kuku mchana humwoni. Nenda usiku na tochi, pangusa chini ya kichanja kwa karatasi nyeupe. Ikitoka na alama za damu, umewapata. Kuku hukataa kuingia bandani, hupauka, huacha viota. Mwagia nyufa maji yanayochemka, kisha dawa iliyoandikwa kuwa ni ya kuku, na urudie baada ya siku 7, kwa kuwa mayai ya utitiri hayafi mara ya kwanza. Chawa hukaa kwenye kuku mwenyewe: pekua chini ya tundu la nyuma, utaona mayai yamejikusanya kama vumbi jeupe kwenye mashina ya manyoya. Rudia dawa baada ya siku 7 hadi 10. Waachie shimo la mchanga mkavu na majivu waogee, linasaidia sana.

Dawa ya kuulia wadudu wa mahindi au ya kuogeshea ng'ombe usimpake kuku. Mafuta machafu ya gari na mafuta ya taa nayo usiyapake miguuni kutibu magaga. Magaga ni utitiri mdogo sana unaojichimbia chini ya magamba hadi yakainuka. Loweka miguu katika maji ya vuguvugu yenye sabuni dakika tano, sugua kwa mswaki wa zamani, kausha, kisha paka mafuta ya mgando kwa wingi. Mara moja kwa wiki, wiki nne. Magamba hayarudi kulala siku hiyo, yanabadilika polepole.

Mmoja tu, na wenzake wazima

Kuku anayesimama wima kama chupa, mkia chini, anajikamua na kuingia kiotani mara kwa mara bila yai, huenda yai limekwama. Mkalishe kwenye beseni la maji ya vuguvugu, yafike tumboni, dakika 20 hadi 30. Kipimo chake ni kiwiko chako: yasichome. Mkaushe, paka mafuta ya kupikia kwenye tundu, mweke gizani patulivu. Usimkamue tumbo. Yai likipasukia ndani, ganda linamchana. Likikaa zaidi ya siku moja uhai wake uko hatarini, mtafute daktari. Chanzo mara nyingi ni upungufu wa kalsiamu: mwekee chombo cha maganda ya konokono wa baharini au chokaa ya mifugo ajitwalie mwenyewe.

Gole gumu asubuhi, kama donge la unga, limejaa nyasi ndefu au nailoni. Mpe mililita 5 za mafuta ya kupikia kidogokidogo, kanda gole taratibu mara nne kwa siku, mnyime chakula kigumu siku nzima. Gole laini lenye maji na harufu ya kuchacha ni jambo jingine. Usimpindue kichwa chini atapike, anaweza kukabwa.

Anayechechemea na ana doa jeusi kwenye unyayo ana jipu la unyayo: loweka kwenye maji ya chumvi, paka iodini, funga bendeji, badilisha kila siku, kisha punguza urefu wa kichanja na ukilainishe.

Aliyekonda, anakula vizuri, kidari ni kama kisu: minyoo. Wanaotembea huru wapewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu, kundi zima, kwa uzito wao. Kuku wa kienyeji wa kilo moja na nusu hapewi sawa na pora.

Kuhusu dawa

Vidonge vya binadamu vya rangi mbili vinavyofunguliwa na kumwagwa kwenye ndoo ya kuku havina kipimo, havijulikani vimenywewa na nani, na vinafanya bakteria wazoee dawa ambazo mtoto wako atazihitaji. Antibiotiki haigusi mdondo, ndui wala gumboro. Ukishaanza dozi iliyoelekezwa, imalize hata kama kuku amechangamka siku ya pili. Soma siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo: mayai na nyama za siku hizo usile wala usiuze. Andika ukutani bandani tarehe uliyoanza na tarehe ya kula mayai tena, maana watoto huokota yai lolote.

Kuku aliyekufa azikwe kwenye shimo la kina cha angalau mita moja, chokaa juu, mbali na kisima, au achomwe hadi majivu. Usimpe mbwa. Baada ya vifo vya mdondo, ondoa matandazo yote, osha banda kwa sabuni kwanza, kwa sababu dawa haifanyi kazi juu ya kinyesi, kisha pulizia dawa ya vijidudu na uliache tupu mwezi mzima. Wapya wanaokuja wawe wamechanjwa angalau wiki mbili kabla, wakae peke yao wiki mbili hadi tatu nyingine, na uwasikilize usiku kabla ya kuwafungulia.